Muulize Mama Chemba: Bomba hili ni la nani?

Mvua zikianza kunyesha Dar, barua za ukurasa huu hubadilika zenyewe. Za vigae na rangi za ukuta zinakatika, zinaingia za chemba zinazofurika, mitaro iliyoachwa wazi na mafundi wasiopokea simu. Mwezi huu nimechagua tano. Zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nani anaruhusiwa kuchimba na kulaza bomba la majisafi au la majitaka mjini hapa, na ruhusa yenyewe inatoka wapi. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni fundi sanifu mstaafu, nimezeekea mitaroni, na jina la Mama Chemba nilipewa na vibarua kwa sababu nilikuwa sikubali chemba ifunikwe kabla sijapiga magoti nikachungulia ndani.

Shikamoo Mama. Mimi ni fundi bomba, naishi Mbagala Charambe. Nina cheti cha VETA (mamlaka ya ufundi stadi), tredi testi gredi II, na kazi zangu nyingi ni za ndani ya nyumba: masinki, vyoo, matanki, mabomba ya plastiki ya PPR. Kuna mzee amejenga nyumba nane za kupangisha kule Kijichi, anataka nimlazie laini yote ya majitaka na chemba zake mpaka kwenye septiki, pamoja na laini ya maji kutoka kwenye dira hadi kila nyumba. Mwanawe amekuja juu, anasema bila leseni ya ukandarasi nisiguse. Na binamu yangu aliyeko California ananiambia kwao kuna leseni iitwayo C-42, bila hiyo huchimbi mtaro wa majitaka. Ya kwetu inaitwaje, na naipata wapi?

Marahaba mwanangu. Binamu yako hajakudanganya, ila anakusimulia ya kwao. California wana bodi ya jimbo inayotoa leseni za wakandarasi kwa mafungu: C-36 ni ya mafundi bomba, C-34 ni ya mabomba makubwa ya maji, gesi na mafuta, na C-42 ndiyo hiyo ya mashimo ya majitaka, septiki na mabomba yake. Anayeomba anatakiwa kuonyesha uzoefu wa miaka 4 ndani ya 10 iliyopita, afanye mitihani, na awe na dhamana ya dola 25,000, kiwango kilichopanda kutoka 15,000 mwaka 2023. Kwa Charambe, hiyo ni habari tu ya kuzungumzia kijiweni.

Hapa kwetu wakandarasi wote wanapitia mlango mmoja, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya 1997. Bodi inawagawa kwa aina: majengo, kazi za kihandisi (kama barabara, mabwawa na mitandao ya mabomba), umeme, mitambo, na makandarasi maalumu. Aina nne za mwanzo zina madaraja saba, la saba likiwa la chini kabisa. Makandarasi maalumu wana madaraja matatu. Kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina kikomo cha thamani ya kazi moja unayoruhusiwa kuchukua, na vikomo hivyo hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo usimsikilize mtu wa kijiweni anayekutajia cha zamani. Kasome cha leo kwenye tovuti ya Bodi.

Sasa shika hapa, maana ndipo mafundi wengi wanapojichanganya. Cheti chako cha VETA ni cha mikono yako. Kinasema wewe, fulani bin fulani, unajua kuunga bomba. Usajili wa CRB ni wa biashara. Bodi itataka kuona jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi kutoka TRA, mtaalamu wa fani mwenye elimu inayokubalika kwa daraja unaloomba, vifaa vya kazi, na mahali unapopatikana. Ukishapata usajili, ada ya kila mwaka inakungoja. Ukiacha kulipa, jina linaweza kufutwa, na kazi utakayofanya baada ya hapo ni ya mtu asiyesajiliwa, hata kama cheti bado kinaning'inia ukutani.

Turudi Kijichi. Swali la kwanza ambalo mwana wa mzee angepaswa kuuliza ni bomba hili ni la nani. Kutoka kwenye dira kuingia ndani ni mali ya mwenye nyumba, na majitaka yanayoishia kwenye septiki yake ndani ya kiwanja chake ni yake pia. Mzee akinunua vifaa mwenyewe, akakulipa ufundi na wewe ukafanya kwa mikono yako na msaidizi wako, wewe ni fundi na cheti chako kinatosha kukutambulisha. Ukichukua kazi nzima kwa mkataba, vifaa juu yako, vibarua juu yako, faida yako, hapo umeshaanza biashara ya ukandarasi na mwanawe ana haki ya kukuuliza usajili. Kwa nyumba nane, mimi ningekushauri uchague njia ya kwanza kwa sasa, huku ukijipanga kwa ya pili.

Kujipanga kwenyewe usikuogope. Ngazi ya juu zaidi ya cheti ipo mbele yako. Na kama una vijana waliojifunzia mtaroni tu, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi anapimwa kwa kazi anayoijua kisha anapewa cheti. Nenda Chang'ombe ukaulize. Leseni ya biashara unaiomba halmashauri kwa mfumo wa TAUSI. Ukianza kuajiri, jisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na eneo lako la kazi lisajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Wengi wanaona haya ni makaratasi ya kumkomoa maskini. Mimi nimeona mtaro wa mchanga ukimbana kijana kifuani. Mita moja ya ujazo ya udongo inaweza kuzidi tani moja na nusu, na mchanga wa upande wa Mbagala hauna subira, ukikauka unamiminika wenyewe. Siku hiyo ndipo mwajiri anapoutafuta usajili wa WCF, na kama hakuufanya mapema, amechelewa.

Kuhusu kazi yenyewe, kwa kuwa najua utaifanya hata nikikukataza: bomba la majitaka la inchi nne lipe mwinamo wa moja kwa arobaini, yaani kwenye kila mita kumi lishuke sentimita ishirini na tano. La inchi sita, moja kwa sitini, linashuka kama sentimita kumi na saba. Mafundi wa ndani ya nyumba mna tabia ya kukadiria kwa jicho. Funga uzi, weka pimamaji, pima kila kipande. Ukilaza bapa mno, kinyesi kinabaki njiani. Ukiinamisha kupita kiasi, maji yanakimbia na kukiacha nyuma vilevile. Weka chemba kila bomba linapokata kona na kila linapokutana na jingine. Na bomba la majisafi usililaze mtaro mmoja na la majitaka kwa ajili ya kuokoa gharama ya kuchimba. Yakilazimika kupishana, la majisafi lipite juu.

Shikamoo Mama Chemba. Tuko majirani tisa huku Goba, bomba kubwa limepita barabarani, sisi tuko ndani kidogo. Amekuja kijana ana kizibao cha kung'aa na kitambulisho shingoni, anasema ana leseni ya kuunganisha maji, atatufanyia wote kwa siku moja ya Jumapili. Anataka tumtumie pesa kwenye simu yake, nusu kabla, nusu maji yakitoka. Mume wangu anasema tumpe, mimi roho inakataa.

Marahaba. Roho yako inajua. Msitoe hata mia.

Bomba lile la barabarani ni mali ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji. Hakuna leseni duniani inayompa mtu binafsi ruhusa ya kulitoboa kwa hiari yake, awe na cheti cha CRB daraja la kwanza au awe na udaktari wa uhandisi. Anayeligusa ni mtumishi wa mamlaka, au mkandarasi ambaye mamlaka imempa kazi hiyo kwa mkataba na anayesimamiwa. Mwingine yeyote ni kishoka, na mliounganishwa na kishoka mnahesabika wezi wa maji. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya 2019, inaifanya hiyo kuwa kosa la jinai. Kijana ataondoka na kizibao chake, dira bandia mtabaki nayo ninyi.

Njia ni hii: nendeni ofisi ya DAWASA ya mkoa wenu wa kihuduma, kila mmoja na kitambulisho chake na uthibitisho wa makazi kutoka serikali ya mtaa. Atakuja mpimaji, atapima umbali kutoka bomba kuu hadi kwenu, mtapewa gharama. Malipo ya serikali siku hizi yana namba yake, ile kontrol namba, unalipia benki au kwenye simu na fedha inakwenda mahali pake. Mtu akikwambia tuma kwenye namba ya simu yenye jina la binadamu, mazungumzo yameisha. Jumapili pia iwatie shaka. Kishoka hupenda siku ambayo ofisi zimefungwa.

Nifafanue kwa nini ninakuwa mkali, maana mume wako atasema maji ni maji. Mji huu unategemea zaidi mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu, wa kwanza umejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na wa pili lita milioni 196, na bado hayatoshi, ndiyo maana kuna mgao. Maji yakiwa na msukumo, tundu baya linavuja kwenda nje, hasara ni ya mamlaka na ya anayekosa. Yakikatika, bomba linabaki tupu na linaanza kunyonya. Kilichopo nje ya lile tundu kinaingia ndani. Kishoka hakuweka klampu ya kipimo wala hakufunga vizuri, amezungushia mpira wa baiskeli akafukia. Pembeni kuna shimo la choo la mtu. Maji yakirudi jioni, ya kwanza kufika kwenye ndoo yako ndiyo yale yaliyonyonywa. Kipindupindu kilipolipuka Agosti 2015 kilianzia hapa hapa Dar, Kinondoni, kisha kikatembea nchi nzima. Siwezi kusema tundu fulani lilifanya hivi. Najua tu kwamba kila nilipofukua bomba la ovyo karibu na mtaro wa maji machafu, nilinawa mikono mara mbili.

Kama itatokea mamlaka yenyewe iwaambie mtandao haujafika mtaa wenu na mko tayari kuchangia, basi iwe kwa maandishi, na mkandarasi atakayekuja mumuulize jina la kampuni kama lilivyoandikwa kwenye cheti. Orodha ya makandarasi iko wazi kwenye tovuti ya CRB, mwanao wa sekondari atakutafutia kwa simu. Angalia aina na daraja, si jina peke yake, maana kampuni inaweza kuwa imesajiliwa kwa umeme ikaja kuchimba mtaro wa maji. Mradi uliosajiliwa unatakiwa uwe na kibao eneo la kazi kinachomtaja mwenye mradi, mkandarasi na msimamizi. Pasipokuwa na kibao, uliza kwa sauti majirani wote wakisikia.

Mambo Mama. Sisi ni vijana sita wa Temeke, tumesajili kikundi, wawili wetu wana diploma ya uhandisi ujenzi. Kuna kazi ya laini ya maji na vyoo kwenye shule. Sisi hatuna CRB. Kaka mmoja mwenye kampuni ya daraja la tano anasema tutumie cheti chake, yeye achukue asilimia kumi tu, kazi na faida nyingine zetu. Wenzangu wameshakubali. Unatushauri nini?

Poa, lakini sikia.

Niliwahi kukagua kazi ya laini ya majitaka upande wa Kinondoni. Kwenye kibao pameandikwa kampuni yenye daraja zuri. Mtaroni kuna vijana kama ninyi, wachapakazi, wenye adabu. Bomba la inchi sita limelazwa juu ya vipande vya tofali, chini hakuna mchanga hata kiganja kimoja. Nikashuka, nikapitisha kidole kwenye maungio. La tatu halina mpira wake. Nikamuuliza kiongozi wao mpira uko wapi. Akaingiza mkono mfukoni akautoa, mweusi, umekunjwa kama bangili: "Ulikuwa unakataa kuingia, Mama." Hakuwa na mafuta ya kulainishia, hakuna aliyemwambia yanahitajika. Nikapiga namba iliyo kwenye kibao. Mwenye kampuni akapokea, nikajitambulisha, nikamwambia niko mtaroni kwake. Akaniuliza, "Kazi gani hiyo?"

Laini ilifukuliwa yote. Gharama akabebeshwa mwenye cheti, kwa kuwa mkataba una jina lake. Naye akawageukia vijana, ambao hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha walikubaliana nini, na malipo yao yakaishia hapo. Asilimia kumi mnayoiona ndogo ndiyo bei ya kupoteza kila kitu, pande zote mbili. Usajili ni wa aliyesajiliwa. Haukodishwi kama bajaji.

Lakini sitaki niwaache na "hapana" tupu, maana milango ipo na wawili wenu wana diploma, hiyo ni mali. Shule nyingi za serikali zinajengewa kwa fosi akaunti: kamati ya shule inanunua vifaa, inaingia makubaliano ya ufundi na mafundi wa eneo hilo, halmashauri inasimamia kwa mhandisi wake. Hapo mnaweza kuingia kama mafundi, kwa jina lenu wenyewe, na kila kazi mkiimaliza ombeni barua ya uthibitisho. Barua hizo mtazihitaji.

Pili, sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za serikali kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kwa kikundi, kazi huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa manispaa, kisha mnajisajili kwenye NeST, mfumo wa zabuni ulioanza 2023 ukaondoa ule wa TANePS. Msidhani kutengewa kunafuta sifa za kazi. Tangazo likisema linataka mkandarasi wa aina fulani na daraja fulani, ndivyo lilivyo. Someni tangazo mpaka mwisho, hasa ule ukurasa wa masharti ambao wengi wanauruka kwenda kwenye bei.

Tatu, sajilini kampuni yenu. Mwenye diploma akubali kuwa mtaalamu wa kampuni kwa kweli, siyo jina la kuazima kwa wiki ya ukaguzi. Mkiwa na daraja lenu la chini, Bodi inaruhusu makandarasi kuungana kwa ubia kwa kazi moja, na ubia huo unasajiliwa. Hapo huyo kaka wa daraja la tano, kama ana nia njema, anaweza kuingia mlango wa mbele pamoja nanyi, kila mtu na wajibu wake kwenye karatasi. CRB pia ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo na wa kati kupata dhamana za zabuni na za malipo ya awali, zile ambazo benki huzitolea masharti ya hati ya nyumba. Mtaji wa kununulia pampu na mashine ya kushindilia, jaribuni mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia kumi ya mapato yake.

Mkimwuliza huyo kaka habari ya ubia halafu akakwepa, mmeshapata jibu lake.

Dada yangu Mama Chemba, salaam. Mimi ni mstaafu wa Mikocheni. Jirani alileta mkandarasi kumuunganisha kwenye bomba la majitaka. Wamepasua lami mbele ya geti langu, wakafukia kwa kifusi, wakaenda zao. Mvua moja tu pametitia, gari langu limeingia gurudumu. Jirani ananiambia mkandarasi alikuwa na leseni, kwa hiyo hana la kujibu. Kweli?

Salaam kaka yangu, na pole kwa gurudumu.

Si kweli. Kazi ile ilihitaji ruhusa tatu, na moja haiibebi nyingine. Usajili wa CRB unasema kampuni inaruhusiwa kufanya ukandarasi. Kibali cha DAWASA kinasema unaruhusiwa kuunganisha kwenye bomba lao la majitaka, na ungio lenyewe linafanywa wao wakiona. Barabara nayo ina mwenyewe. Kwa mitaa kama wako ni TARURA, ulioanzishwa 2017, na kwa barabara kuu na za mikoa ni TANROADS. Mwenye barabara ndiye anayetoa kibali cha kuikata, na kibali hicho kina sharti la kurudisha barabara ilivyokuwa. Piga picha, nenda ofisi ya TARURA ya wilaya ya Kinondoni, uliza kibali cha kukata mtaa wako kilitolewa kwa nani. Jina hilo ndilo litakalofukua na kushindilia upya. Kama hakuna kibali kabisa, basi jirani yako na mkandarasi wake watakuwa na maelezo ya kutoa, leseni au bila leseni.

Kilichotokea pale kinaeleweka. Walimwaga kifusi chote kwa mkupuo, wakapanda juu na koleo, wakakanyaga. Udongo wa kufukia mtaro chini ya barabara unawekwa tabaka kwa tabaka, sentimita kumi na tano au ishirini, kila tabaka linalowanishwa kidogo na kushindiliwa kwa mashine kabla ya jingine. Kuzunguka bomba ni mchanga laini, bila jiwe. Ukiona wanarudisha vipande vya lami na mawe juu ya bomba, hata wakimwagia zege juu, ujue chini kuna mashimo ya hewa. Mvua inafanya ukaguzi ambao msimamizi hakuufanya.

Nakuomba jambo jingine, kwa kuwa uko eneo lenye bahati ya bomba la majitaka, jambo ambalo wengi wa mji huu hawana. Chungulia kama jirani ameunganisha na mabomba ya maji ya mvua kutoka kwenye paa. Wengi hufanya hivyo, wanaona bomba lipo, ya nini kuliachia nafasi. Bomba lile limekadiriwa kwa maji ya vyoo, jikoni na bafuni. Masika ikishuka, paa za mtaa mzima zikamwaga humo, chemba za walio bondeni zinafunguka zenyewe na uchafu unaingia sebuleni kwa mtu asiye na hatia. Hilo nalo liripoti DAWASA, na ukiulizwa nani kakwambia, nitaje mimi.

Shikamoo Mama. Mimi ni chura, napakua vyoo Keko na maeneo ya karibu, kwa ndoo, usiku. Mvua zikija wateja wengi wanataka tuwatapishie tu choo kwenye mtaro. Nasikia watu wanasema kuna leseni za kazi hii. Zipo kweli kwa watu kama sisi, au ni za wenye magari?

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ninyi ndio mnaoifanya kazi ambayo mji unajifanya haiko.

Kutapisha choo hakuna leseni, na hakutakuwa nayo. Mkitoboa shimo mvua ikinyesha ili uchafu uende na maji, unashuka mtoni au unaingia nyumba ya chini yenu, ambako huenda mama yako ndiko anakoteka maji. Mteja anayekushawishi kwa sababu ni bei rahisi, mwambie, akikamatwa, afisa afya hatamtafuta chura, atamtafuta mwenye choo.

Kupakua ni habari nyingine. Wenye magari wanamwaga kwenye mabwawa ya kutibu majitaka, kama Vingunguti, na gari lisilo na kibali haliruhusiwi kumwaga. Ninyi mnaozika shimoni au kumwaga mtoni hamna pa kuandikisha mlichobeba, na hapo ndipo urasimishaji unapoanzia. Temeke kumeshatumika pampu ya mkono iitwayo gulper, inayovuta uchafu mzito kutoka chooni kwenda kwenye mapipa bila mtu kuingia shimoni, mapipa yanapakiwa kwenye chombo cha magurudumu matatu kinachopita vichochoro ambavyo gari haliwezi. Jiungeni watu watano au zaidi, sajilini kikundi manispaa, mwende na afisa afya wa kata kuomba kutambuliwa, kisha DAWASA mkaulize utaratibu na ada ya kumwaga bwawani. Ukiwa na risiti ya bwawa mkononi, hata bei yako kwa mteja inabadilika.

Mpaka hapo utakapofika, usiingie shimoni peke yako, na usimfuate mwenzako aliyeanguka ndani. Ile harufu ya yai bovu ikizidi, pua inakufa ganzi, unadhani imeisha kumbe ndiyo imejaa. Fungua mfuniko mapema, acha hewa ipite, kamba kiunoni, watu wawili juu wameishika. Ukimwona mwenzako amelegea, vuta kamba na piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Buti na glavu ndefu nunua kabla ya ndoo nyingine. Na uniandikie kikundi kikisajiliwa, maana nina wasomaji wa Keko na Kurasini wanaoniuliza kila mwezi wampigie nani.